Nilitania Kaburini, Ndugu Yangu Akafa

Jumamosi moja kabla ya masika, saa tisa alasiri, nilimpoteza mdogo wangu Elia. Aliyempiga yuko mahabusu. Aliyesababisha ni mimi.

Mimi ni Mpare wa Same, fundi springi wa magari ya watalii hapa Karatu. Kwetu msiba bila watani ni msiba mkavu. Mchaga, mtani wetu wa jadi, akija atajilaza kaburini, atamsema marehemu kwa ubahili, na wafiwa watacheka na machozi yao. Nimekulia hivyo!

Jirani yetu huku Ganako, mzee wa Kiiraqw, hawa tunaowaita Wambulu, alifariki. Tulizoea kutaniana. Aliniita mla makande, nami nikamwita mlevi wa Mbulu. Basi nikajiona mtani wa ukoo mzima. Jamani, ujinga!

Jeneza lilipoteremshwa nikaruka mbele ya watu. "Msifukie! Mmbulu hafi, kalewa tu! Mmwagieni pombe ainuke!"

Hakuna aliyecheka.

Elia akanivuta shati. "Kaka, nyamaza. Hawa si watani zetu."

Laiti ningemsikia! Nikamgeukia Paulo, mtoto wa marehemu, aliyeshika koleo. "Mtani hanuni, bwana!"

"Mtani wako nani hapa? Unamtukana baba yangu hata udongo hajafunikwa!"

Akanipiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakatoka. Nami kwa aibu tu nikampiga kichwa, pua yake ikachuruzika damu. Hapo ndipo akainua koleo.

Niliinama. Elia alikuwa nyuma yangu.

Lilimpata shingoni. Akaanguka juu ya kifusi, akatupa miguu mara chache. Nilimziba jeraha kwa mikono yote miwili, damu ikapita katikati ya vidole. Akafia pale pale.

Ndugu zangu, utani una wenyewe. Mtu kukuchekea mkiwa wawili hajakupa ruhusa ya kulicheka kabila lake mbele ya wanawe. Kama huna hakika, funga mdomo. Mimi sikufunga!

Juzi mama yake Paulo alikuja nyumbani. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Baba, siku ile nilikuwa nalia, sikusikia. Mume wangu kaburini, mwanangu mahabusu. Ulisema neno gani?"

"Mama, naomba unisamehe."

"Sijaja kwa hilo. Sema."

Nikalisema lote, mpaka pale pa pombe. Akaitikia, "Haya," akajifunga khanga vizuri, akaondoka.