Viwavi wa Mwanahija

Mwanahija hakuja Guangzhou kufuga wadudu. Alikuja kutafuta mikoba ya kupeleka Unguja, akapanga chumba ghorofa ya juu mtaani Dengfeng, na siku moja akanunua chungu cha maua mekundu ili roshani ipate uhai. Mmea wenyewe ukivunja jani, linatoa maziwa meupe. Haukukaa sana, viwavi wenye milia wakautafuna ukabaki vijiti. Alitaka kuwatupa. Mmoja akajining'iniza, akageuka kifuko cha kijani, na baadaye akatoka kipepeo wa rangi ya chungwa, kingo za mabawa kama zimepakwa wanja. Yule yule wa makondeni Pemba, alikozaliwa. Mwanahija akakaa chini akalia.

Tangu hapo, kila kiangazi aliwalea ndani ya kapu la chandarua, maana nje nyigu na mijusi hawaachi kitu.

Mwaka huu ikaja homa ya mbu. Watu wenye barakoa wakaanza kupita na mashine migongoni, wakifukiza moshi mweupe hadi chini ya ngazi. Hakuna aliyewalaumu, jirani wa chini alikuwa kitandani, viungo vinamuuma hawezi hata kushika kikombe. Lakini asubuhi, ayi, mama anayefagia uwanja, alizoa nyuki, panzi na vipepeo pamoja na majani makavu. Juu ya miti, kimya.

Mwanahija akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa taulo. Ndani, viwavi walimaliza majani yote.

Élise, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekaa chumba cha pili, akagonga mlango na fungu la majani mkononi.

"Yaya, nimekuleteya chakula ya watoto yako."

"Ahsante, mdogo wangu. Umeyachuma wapi?"

"Kwenye bustani, chini ya barabara ya juu."

Mwanahija akayanusa. Hayakunuka dawa. Akayaosha, akarudia kuyaosha, akawapa nusu ya viwavi. Kabla ya adhuhuri walianza kujipinda, wakatapika maji ya kijani, wakalegea mmoja baada ya mwingine.

"Ni mimi nimewauwa," alisema Élise, mkono mdomoni.

"Si wewe," Mwanahija akamjibu, ila hakuweza kumtazama usoni.

Waliobaki walizunguka kapu kwa njaa. Siku ya kwenda kiwandani Shiling kuchukua mikoba, alipanda nao basi, kapu mapajani. Nyuma ya kiwanda kuna kilima, na huko akaukuta mmea ule umejiotea, nyuki wanauzunguka. Nyuki hao ndio waliompa moyo. Akachuma mfuko tele. Viwavi wakala, wakajifunga, na walipotoka na mabawa yao akawarudisha kulekule.

Alipofungua kapu wakaruka chini chini, wakatawanyika. Mlinzi wa kiwanda, mzee mpole aliyezoea kumwita laoban, yaani bosi, akaja kutazama, akatabasamu.

"Wazuri. Lakini kesho, laoban, usije bila barakoa. Wanapiga dawa mpaka huku juu."

Mwanahija akalikwapua kapu, akakimbilia nyasini, mtandio ukamdondoka. Alimpata mmoja tu, mabawa bado mabichi. Wengine walikuwa wameshavuka vichaka, upepo unawasukuma upande wa barabara, ambako magari ya dawa yalikuwa yamekwisha kuegeshwa.