Josho la Bibi Sikudhani

Kipindupindu kilipoingia Ruhembe, mwanzoni mwa mwaka sabini na nane, Daktari Mwanasha alikuwa hajapata hata wasaa wa kuzoea kitanda chake pale Kilosa. Alipakiwa kwenye Landrover ya serikali, akakabidhiwa madarasa mawili ya shule ya msingi ayageuze wodi, na akapewa bwana afya mmoja, Gabrieli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeshinda na pampu ya dawa mgongoni kama kobe na gamba lake.

Waliomtuma walidhani wanampeleka ugenini. Kumbe walimrudisha kwao. Mwanasha alizaliwa hapo hapo Ruhembe, mikononi mwa Bibi Sikudhani, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watu wa kijiji. Kwa hiyo watu walimpokea kama mtoto wao, mpaka siku aliposimama mkutanoni na kuwasomea amri.

Amri ilisema aliyekufa kwa kipindupindu hakabidhiwi kwa watu wake. Haoshwi, wala hawekewi matanga. Bwana afya atamnyunyizia dawa, atamfunga turubai na kumfukia. Mwanasha aliisoma kwa sauti kavu, naye aliiamini. Alijua jinsi wafiwa wanavyoosha maiti kwa mikono mitupu, kisha kwa mikono hiyo hiyo wanakata tonge.

Lakini toka siku hiyo wagonjwa wakaadimika. Alipopita na balozi wa nyumba kumi kila mlango ulimjibu, "Hapa wote wazima." Kesho yake kaburi bichi linaonekana katikati ya shamba la mahindi. Watu waliona heri kufia nyumbani na kuoshwa kuliko kufia kwa daktari na kufungwa turubai. Mwanasha akawa analala na mawazo: ugonjwa anaoufukuza mlangoni unapitia dirishani, na dirisha kalifungua yeye.

Asubuhi moja ya mvua wakamleta Bibi Sikudhani kwenye machela ya magunia. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Wenyewe walikuwa wamemficha mpaka maji yalipowafika shingoni. Mwanasha alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta mkono ule, na alipoupata hatimaye na dripu ikaanza kushuka, bibi alifumbua macho, akamtazama, akakata roho.

Habari haina miguu lakini hutembea. Kabla Gabrieli hajakunjua turubai, uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wanaume walitoka moja kwa moja kwenye miwa, mapanga mkononi. Mbele yao alisimama Mwinshehe, mtoto wa marehemu, aliyekuwa akicheza na Mwanasha utotoni.

Mwanasha alitoka nje. Akawageukia wazee.

"Shikamooni."

Hakuna aliyeitika. Katika umri wake wote hakuwahi kuona salamu ikianguka chini namna ile.

"Tumemfuata mama," alisema Mwinshehe. "Tupe, tuondoke."

"Mwinshehe, ndugu yangu, ukimchukua hivi alivyo, wiki ijayo utaniletea watoto wako."

"Na wewe ukimfunga lile turubai utakuwa umemzika kama mbwa! Aliyekukata kitovu, Mwanasha! Aliyekukata kitovu!"

Watu wakanguruma. Jiwe likatua kwenye bati la darasa. Gabrieli alimsogelea daktari, akamnong'oneza, "Tuwaite mgambo. Amri ni amri, Daktari. Tukiivunja sisi, nani ataishika?"

Mwanasha aliwaza mgambo wakija, na mapanga yale. Aliwaza makaburi ya kwenye mahindi. Kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Nani ndiye muoshaji wake?"

Mwanamke wa makamo, Bi Tatu, mdogo wa marehemu, akajitokeza. "Mimi."

"Basi tutamuosha wawili, mama. Mimi na wewe, humu humu ndani, kwa maji niliyoyatia dawa. Utavaa glovu na buti zangu za akiba. Sanda mtaileta, Mwinshehe, na shehe atamsalia hapa uwanjani. Mtamzika wenyewe. Lakini leo hakipikwi chakula, na hakuna atakayemgusa baada yetu. Hilo silegezi hata mkinikata."

Mwinshehe alimtazama shehe. Shehe akaitikia kwa kichwa: maji yenye dawa bado ni maji. Mapanga yakaanza kushuka, moja moja.

Josho lilikwenda polepole, Bi Tatu akilia na kuomba dua, Mwanasha akimimina maji. Gabrieli alibaki mlangoni amenuna, lakini walipotoka aliwanyunyizia buti na mikono bila kuambiwa, na akamwaga dawa kaburini kwa adabu, kichwa wazi.

Bi Tatu akakubali kubaki shuleni aangaliwe. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Akifa huyu, kila neno Mwanasha alilowaambia watu ni uongo. Alikaa kando ya kitanda, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, dripu juu ya dripu. Ugonjwa aliutoa kwenye josho au alikuwa nao tangu alipomuuguza dada yake? Hakuna aliyejua. Bi Tatu akapona. Wengine waliokuwa mazikoni hawakuugua.

Jambo likafika Kilosa, na Mwanasha akaitwa. Mkubwa wake alimwandikia onyo, akamfokea mpaka makarani wakaacha kazi kusikiliza: nani alimpa ruhusa? Angekufa yule mama, nani angejibu serikalini?

"Mimi," alisema Mwanasha.

Mzee akakaa. Akavua miwani, akafuta uso. "Lumuma nako wanazika usiku," alisema taratibu. "Wagonjwa wanawaficha darini. Na Ruhembe naambiwa sasa wanakuja kwa miguu yao. Kweli?"

"Kweli, mzee. Na wanakuja mapema."

Hakumsifu, wala onyo hakulifuta. Alimwambia akachukue glovu zote zilizobaki stoo, apande Landrover aende Lumuma. Gabrieli alikuwa ameshaketi nyuma na pampu yake, na pembeni yake, kajifunga khanga mbili, Bi Tatu, aliyekuja nao toka Ruhembe. Alipoambiwa waendako, alisema watu wa Lumuma watataka kumwona mtu aliyeosha, wamsikie mwenyewe.