Karatasi ya Kijani

Juzi, kwenye masomo Lushebere, mujukuu wangu alichagua chefu wa darasa akifunika karatasi yake na mukono. Nikageuza uso.

Zamani, Papa alirudi kutoka kupiga kura akinuka mvua. Walipewa karatasi mbili: ya kijani kumukubali mukubwa wa inchi, nyekundu kumukataa. Moja unatia mu sanduku, ingine unabaki nayo. Nilikuta ya kijani mufukoni mwake. Sikujua inamusema kama alitia nyekundu; niliona uzuri tu. Nikakimbia kumuonyesha kapita, musimamizi wa kijiji.

“Papa njo alirudi nayo!”

Kapita akaacha kucheka.

Maaskari walimuchukua Papa jioni ile. Siku aliyorudi, akichechemea, aliniita.

“Ile karatasi ilikupendeza, mama?”

“Ndiyo, Papa.”

Akanipapasa kichwa. Afadhali angenipiga.