Ukungu wa Upande wa Nje

Siku baba mkwe aliporuhusiwa kutoka hospitali Tarime, mume wangu alikuwa zamu kwenye hoteli anayofanyia kazi karibu na Ikoma. Ikabidi niende kumchukua mimi. Nilikuwa nimeolewa miaka sita, na sidhani kama tuliwahi kuongea zaidi ya shikamoo na marahaba. Kwetu mke wa mwana humheshimu baba mkwe kwa kukaa mbali naye. Akaketi nyuma, nami nikashika usukani kimya.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, kisha jua likawaka hadi lami ikafuka mvuke. Mzee alikuwa anatoka jasho, na ni presha iliyokuwa imemlaza. Nikafungua kiyoyozi hadi mwisho.

Hatujafika mbali, kioo cha mbele kikaanza kufifia. Nikakifuta kwa ncha ya kitenge, wapi. Nikaelekeza ubaridi wote kwenye kioo nikidhani utakikausha, ukungu ukazidi. Lori lilipotupita nililisikia kabla ya kuliona. Nikaegesha pembeni, nikaendelea kufuta.

Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Mzee alishuka taratibu, akaja mbele, akapitisha kiganja kwenye kioo. Pale kilipopita nikauona uso wake waziwazi, ananitazama. Nikainamisha macho.

Akaja kwenye dirisha langu. "Mama, ukungu uko huku nje," akasema. "Unafuta upande usio na kitu."

Nikawasha waipa. Zilipopita mara mbili barabara ikaonekana yote. Akanieleza, akiwa bado amesimama juani, kwamba kioo kimepoa kupita kiasi ndiyo maana kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Nipunguze baridi, na upepo niuelekeze miguuni. Nikamwambia naogopa atazidiwa na joto.

"Joto nimelizoea," akasema. "Nisilolizoea ni kuendeshwa na mtu asiyeona."

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake cha nyuma.

Hadi nyumbani Nyansurura hatukuongea tena, lakini ule ukimya haukunibana. Ilipofika tarehe ya kliniki, shemeji yangu alijitolea kumpeleka. Mzee akamshukuru, akamwambia abaki na ng'ombe, yeye ataenda na mimi.