Mguu Ndio Unaokunywa

Mwanangu Cassien ni mtu mwema, na kwa kuwa nimemzaa mimi, nina haki ya kusema kwamba mguu wake wa kulia ni wa hasara. Mkewe Nzigire ana mguu wa dhahabu. Nasema hadharani, na mwenye kutaka kununa anune.

Nyumba yetu hapa Kamembe ina magari mawili. Lile dogo ni la Cassien, huzungukia nalo maduka ya vijijini akiyauzia dawa za mifugo. Kubwa ni pikapu kuukuu inayotumia mazuti, yaani dizeli, na hiyo ni ya Nzigire. Asubuhi huteremka nayo ziwani, mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo inapoleta sambaza, vile visamaki vya ziwani, akapakia mabeseni, akapanda hadi sokoni, kisha akateremka tena mpakani, Rusizi ya Kwanza. Huko akina mama wa Bukavu humsubiri wavuke na samaki wangali wabichi. Zamani alikuwa mmoja wao, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Pikapu ndiyo iliyomtua beseni. Ikiondoka, beseni linarudi kichwani, na Nzigire si msichana tena.

Mafuta yalipopanda bei, Cassien akaanza kuiita pikapu Ng'ombe, eti kazi yake ni kunywa tu. Majirani wakacheka, na jina likaganda. Nilimkumbusha kwamba ng'ombe akinywa hutoa maziwa.

"Maman, weye unapenda tu sambaza," alinijibu.

Kweli nazipenda. Lakini Jumapili moja baada ya misa, tukiwa mezani, mzaha uliisha. Alitangaza kwamba amepata mnunuzi, mzee Muhigirwa wa Bugarama, na kwamba angekuja Jumapili inayofuata.

"Hii Ng'ombe itatumaliza," alisema. "Iko mukubwa, inakunywa. Tutabakia na kadogo."

Nzigire aliweka kijiko chini. Mimi ningepiga meza. Yeye alisema polepole, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa kama kawaida yake:

"Papa Aurore, haiko motoka njo inakunywa. Ni muguu. Tubadirishane mpaka siku ya Mungu, mwenye kununua akifika. Weye ukamate pikapu na safari za miye, na miye nikamate kadogo na safari za weye. Tujaze zote mbili mafuta. Kisha tutaona."

Cassien alicheka, akakubali. Mchagua jembe si mkulima, nilisema, lakini hakuna aliyesikia. Wakatafuta mwamuzi, na macho yao yakaangukia kwangu, mama wa mmoja na mlaji wa samaki wa mwingine. Ndivyo nilivyopanda magari wiki nzima kama mke wa gavana, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Niseme ya mwanangu kwanza. Cassien huwasha gari, kisha hurudi ndani kunywa chai. Pikapu inanguruma uani, inachoma mazuti, haiendi popote. Akitoka, anatoka kama anayemfukuza mwizi. Mbele kuna baiskeli ya ndizi, kila mtu anaiona, yeye anaiona akishaifikia, anapiga breki, na shingo yangu inakwenda kiooni na kurudi. Kisha anakanyaga mafuta tena. Akimwona rafiki anasimama kumsalimia, habari za watoto, habari za ng'ombe, na injini haizimi. Kwenye mteremko wa mpakani akaondoa gia kabisa.

"Maman, pa kushuka natia point mort," alinieleza kwa fahari. "Motoka inatembea bure."

Bure! Tulishuka tukiwa mikononi mwa Mungu peke yake. Chini kulipojaa watu alizikanyaga breki mpaka zikanuka, nami nilikuwa nimemaliza nusu ya rozari.

Sasa Nzigire. Siku ya kwanza alijaza upepo kwenye matairi ya kadogo. Kisha akafungua nyuma akatoa betri iliyokufa, pampu mbovu na magunia ya chumvi ya ng'ombe ambayo mwanangu alikuwa akiyatembeza nchi nzima bila sababu. Barabarani anatazama mbali. Lori linalopanda kona analiona kabla yangu, anainua mguu mapema, na tunapofika pale lori limekwisha kupita. Mteremkoni anaacha gia mahali pake, mguu haugusi mafuta, na injini yenyewe inalishika gari.

"Kila mara unapiga frein, Maman," aliniambia, akinionyesha breki, "unamwanga mafuta yenye ulishachoma kwa kupanda."

Alifundishwa na baba yake, mzee Bashige, aliyeendesha lori njia ya Uvira, kwenye milima ya Ngomo, ambako mafuta yakikuishia unalala hapo hapo. Akiwa mdogo alikaa katikati ya kiti na kuambiwa asikilize injini. Nilikaa naye siku mbili bila hata kushika mlango.

Ijumaa Ng'ombe akafa kiu. Cassien alikuwa anapanda kutoka ziwani na mabeseni yamejaa, nami niko pembeni, pikapu ikakohoa na kusimama katikati ya mlima. Wabeba mizigo wakaja kutazama, wakacheka waziwazi. Jua lilikuwa linapanda juu ya samaki. Mwanangu akampigia mkewe simu kwa sauti ndogo sana.

Alikuja na kadogo, bidoni ya mazuti nyuma. Wakati anamimina, Cassien aliinama dirishani akatazama mshale wa mafuta wa gari lake mwenyewe. Lilikuwa limezunguka maduka yake yote, na mshale ulikuwa bado juu ya nusu. Nilimwona akiutazama mara mbili. Nzigire akafungua boneti, akapiga pampu ya mkono ya injini mpaka mazuti yakarudi, injini ikashika.

"Bamaman ba Bukavu banangoja," alisema, akakaa penye usukani wa pikapu, akaondoka.

Njia nzima, nami niko pembeni, alisikiliza injini tu. Mimi ningesema mpaka Bukavu.

Mbaya ni Cassien. Hakusema ameshindwa, wala hakusema mnunuzi asije. Nyani haoni kundule, na akiliona hutazama pengine. Jumamosi Nzigire aliiosha pikapu. Aliisugua mpaka harufu ya samaki ikatoka, akashusha mabeseni na turubai, akavipanga nyuma ya jikoni. Iliniuma. Chakula cha mwanangu nilikitia chumvi mara mbili, na alikila bila kulalamika, ndipo nikajua kuna jambo linamtafuna.

Mzee Muhigirwa alifika Jumapili. Akaizunguka pikapu, akapiga tairi teke, akafungua boneti. Nzigire alisimama karibu naye, ufunguo mkononi, tayari kuutoa.

"Inakunywa namna gani?" Muhigirwa aliuliza.

"Ni kwa kuangalia nani anaendesha," Cassien alijibu. "Na miye, inakunywa. Na bibi yangu, inaonja tu."

Muhigirwa akacheka, akidhani ni maneno ya biashara. Cassien hakucheka.

"Haiuzwe, Mzee. Unisamehe kwa safari. Mwenye kukunywa mu hii nyumba ni miye, na miye siuzwe."

"Hata ungeuzwa, nani angekununua?" nilisema, kwa sababu ilinibidi niseme kitu.

Kisha, mbele ya mgeni, mbele yangu, mwanangu akamgeukia mkewe. "Maman Aurore, kesho unikalie pembeni. Unifundishe kushuka."

Nimeishi Uvira, nimeishi Bukavu, nimerudi hapa, na wanaume nimewaona. Mmoja aliyesema maneno hayo kwa mkewe sikuwahi kumwona. Nilijivunia kwamba nimemzaa. Na huyu mkwe niliyeletewa kutoka Bukavu nilimjivunia zaidi, hata kama sikumzaa.

Nzigire akautia ufunguo katika pindo la kitenge chake, akakaza fundo.

"Utaanza na kadogo," akamwambia.