Kompyuta Iliyosikia Mkasi

Nilipomaliza chuo nilijiunga na vijana wenzangu wanne waliokusudia kurekodi masomo ya ushonaji kwa ajili ya wanawake wasiojua kusoma. Masomo yangetumwa kwenye simu zao bila malipo. Niliomba kazi ya sauti, ingawa sikuijua. Kompyuta yangu ilitumia Linux, mfumo usiomilikiwa na kampuni yoyote, kwa sababu ya imani: niliona chombo cha kufundishia watu wote hakipaswi kumilikiwa na mmoja. Imani hiyo ninayo bado. Haikunifundisha kurekodi.

Mwalimu tuliyemchagua alikuwa fundi cherehani wa Kagugu, mama Mwislamu aliyelelewa kwa Kiswahili. Mafundi wengi wa mtaa ule walipitia mikononi mwake. Aliniambia waziwazi kwamba anaitaka kazi hiyo: magoti yake yalikuwa yameanza kushindwa na cherehani ya miguu, na alitaka ujuzi wake ufike mahali asipoweza kufika yeye.

Siku ya kwanza nilichomeka maikrofoni tuliyoazima, nikaiweka mbele ya mdomo wake, kisha nikafungua kichanganya sauti, yaani dirisha jeusi lenye nguzo za kupandisha na kushusha. Sauti ilikuwa hafifu, nikapandisha nguzo. Ikabaki hafifu, nikaipandisha hadi mwisho. Nyumbani nilisikia mvumo mzito na, nyuma yake, mtu kama anayeongea kutoka chumba cha pili. Nilirudia siku mbili nyingine. Kisha nikawaandikia wenzangu kwenye kundi letu la simu kwamba sauti ya fundi imechakaa, haifai kurekodiwa. Mmoja akajibu kwamba anamfahamu mtangazaji kijana anayeishi Kagarama. Tukakubaliana yeye ndiye arekodiwe. Koo la yule mama nilikuwa nimelitilia shaka. Mikono yangu, hapana.

Niliona ni wajibu kumweleza ana kwa ana. Nilimkuta akikata kitenge. Habari zilikuwa zimenitangulia, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa mteja wake.

“Eti nimechakaa,” alisema bila kuinua macho.

“Si wewe, mama. Ni sauti tu.”

“Na sauti iko ya jirani?”

Niliweka kompyuta mezani pake.

“Washa mashine yako,” alisema. “Leo nataka kuona vile inanikataa.”

Niliunganisha kila kitu kama awali, nikamwonyesha kijiti cha kijani kwenye kioo ambacho hurefuka sauti inapoingia. Alianza somo la kupima bega. Kijiti kilitikisika kidogo tu. Alipohitaji mikono yote miwili kuonyesha, aliweka mkasi mezani, kando ya kompyuta. Kijiti kiliruka hadi kwenye rangi nyekundu.

Aliacha somo. Akauinua mkasi, akauweka tena. Nyekundu.

“Mwanangu, hii mashine iko inasikia makasi. Mimi hainisikii. Masikio yake iko wapi?”

Nilikwaruza maikrofoni kwa ukucha, hakuna kilichosogea. Nilikwaruza pembeni ya vitufe vya kompyuta, kijiti kikaruka. Ndipo nikasoma mistari ya maelezo katika kichanganya sauti, ambayo sikuwahi kuisoma. Kulikuwa na kitufe cha kuchagua kadi ya sauti, yaani njia ambayo sauti huingilia, na kadi zilikuwa mbili. Siku zote tatu nilikuwa nimekuza maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, jirani na feni yake. Ile ya kuazima nilikuwa nimeichomeka, sikuichagua. Nilidhani ni kitu kimoja.

Niliichagua, nikashusha nguzo hadi katikati. Alisema sentensi moja, nikampa visikilizi vya masikioni. Sauti ilikuwa nzito, kavu, kila neno mahali pake. Alijisikiliza mara mbili, akavivua.

“Sasa waambie.”

“Nitawaandikia leo, mama.”

“Mabaya uliandika ukiwa mbali. Haya mazuri sema hapa, nisikie.”

Nilishika simu kurekodi ujumbe wa sauti. “Ndugu zangu, kulikuwa na hitilafu ya kiufundi…”

Akaushusha mkono wangu. “Hitilafu ndiyo nani? Anakaa Kinyinya?”

Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake alicheka sana. Nilifuta, nikaanza upya: “Sauti ya fundi haina kasoro. Nilirekodi kwa maikrofoni isiyo sahihi, kisha nikamlaumu yeye. Naomba tumrudishie kazi.”

Majibu yalifika mojamoja. Wawili walikubali. Yule aliyemleta mtangazaji aliuliza kwa ujumbe wa sauti, na sote pale tulimsikia: “Jamaa ameshakubali, na amefurahi. Mimi nitamwambia nini?”

Nilimwomba namba, nikasema nitamweleza mwenyewe.

“Basi piga,” alisema fundi, akiuchukua mkasi wake. “Na ukisema ile hitilafu, nitasikia.”

Nilipiga pale pale, nikiwa nimesimama. Mtangazaji alipokea mara moja na kunisalimia kwa uchangamfu, akauliza tutaanza lini. “Kabla ya hapo,” nilisema, “kuna kosa nililofanya mimi.”