Kanisa Juu ya Njia ya Maji

Karatasi ilipobandikwa kwenye mlango wa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, nilifurahi, na furaha hiyo haikuwa safi. Iliandikwa kwamba kanisa la pale chini yetu, lile la mbao na mabati, linaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali, na kwamba siku ya Alhamisi mtu wa urbanisme, ofisi ya mipango ya mji, atapita kuuliza majirani kama jengo hilo litawasumbua. Sisi ndio jirani wa kwanza. Ukuta wetu unagusana na parseli, kile kiwanja cha kanisa. Bila sahihi yangu dosie yao ya ruhusa haitembei.

Nieleze kwa nini nilifurahi. Zamani, kanisa likiwa bado bashe tu, turubai juu ya miti, mama yangu alishuka kumwambia mchungaji kwamba mahali pale kuna maji chini. Alikuwa amelima amateke, yaani magimbi, pale miaka mingi kabla parseli haijauzwa, na anayelima amateke anajua tope linatoka wapi. Mchungaji alimshukuru. Jumapili akahubiri juu ya maman mmoja jirani anayeota gharika. Alitumia megafoni, kwa hiyo tulisikia sote, tukiwa tunapanda kutoka misa. Tangu siku ile watoto wa avenyu wakamwita Maman Noa. "Maman Noa, mashua iko wapi?" Mama akaacha kwenda kwenye bomba asubuhi. Alienda saa saba, jua kali, wakati hakuna mtu. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Lazima niandike pia kwamba siku za matanga mchungaji huyo huyo alituletea viti vya kanisa bila kuombwa, na vijana wake walibeba sanduku mpaka barabarani. Mimi nimefika sekondari ya pili tu, sijui mtu anapimaje viti na lile jina la Noa. Nilijaribu. Kila mara jina lilikuwa zito zaidi.

Mpango wangu ulikuwa kunyamaza. Ningeweka sahihi, niseme sina shida, wajenge kuta zao nzito, halafu mvua za Novemba zifanye kazi yake. Kwenye kaye yangu, ambamo naandika kila jioni, niliandika: "Nitatia sahihi. Maji yatajibu." Wiki ile niliyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara yalinipendeza.

Alhamisi akaja maman enjenia wa urbanisme, amevaa buti, pamoja na shefu wa avenyu. Mchungaji akakunjua plani juu ya meza ya kanisa, majirani tukazunguka. Alikuwa anaonyesha kwa kidole: hapa madhabahu, hapa kwaya. Chini kabisa, pale mteremko unapoingia bondeni, kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango mmoja. Nikauliza ni cha nini. Akasema ni cha ekodim, watoto wa Jumapili.

Baadhi ya wale waliomwita mama Noa sasa wana watoto wa umri huo. Wazo la maji kuwakuta watoto hao mle ndani lilinijia, na sikulifukuza haraka kama inavyotakiwa. Nilikaa nalo kidogo, kisha nikaona siwezi.

Enjenia alipofika kwangu akaniuliza kama naona shida yoyote.

"Iko," nikasema. "Maji inapita chini ya kile chumba."

"Binti ya Noa huyo," mtu akasema nyuma, na wachache wakacheka.

Enjenia akauliza nani aliniambia.

"Mama yangu. Na huyu pasteur alimucheka mbele ya watu wote." Kisha nikakumbuka vizuri. "Hapana, maman, ile usiandike. Yeye hakucheka. Yeye alisema, watu ndio walicheka."

Mchungaji akatazama chini. Nilikuwa nimesahihisha kwa haki tu, lakini niliona kauli ya pili imemchoma kuliko ya kwanza.

Enjenia akaomba jembe. Vijana wa kanisa wakachimba nilipoonyesha, na kabla shimo halijafika magotini udongo ulikuwa mweusi, kisha maji yakaanza kujikusanya polepole. Kicheko kikaisha. Enjenia akasema wazi atakachopendekeza: kanisa lijengwe, lakini lisogee juu, chumba cha chini kifutwe, na njia ya maji iachwe wazi. Ukumbi ungepungua sana, hilo kila mtu aliliona.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini enjenia alikuwa anaandika PV, karatasi ya yote yaliyosemwa, na nikamwomba aongeze kwamba habari hii ya maji mchungaji aliambiwa zamani na marehemu mama yangu, na hakumwamini. Akasema mambo ya nani hakumwamini nani hayahusu urbanisme. Nikasema basi maelezo yangu hayajakamilika, sitii sahihi. Sijui nguvu hiyo niliitoa wapi. Kwa kawaida hata bei ya nyanya siwezi kubishania.

Mchungaji akanisogelea. "Maman yangu, hii tuimalizie nyumbani."

"Hapana, pasteur. Ya mama haikumalizikia nyumbani."

Enjenia akaandika. Shefu wa avenyu akasoma yote kwa sauti mbele yetu. Mchungaji akataka kuweka sahihi tu. Enjenia akamwambia aandike kwanza, kwa mkono wake, *lu et approuvé*, yaani amesoma na amekubali. Nilisimama karibu nikatazama kila herufi ikitoka. Ilikuwa tamu. Sitaandika uongo hapa.

Akaninyooshea kalamu, akasema chini kwa chini, "Mama yako alisema kweli."

Nilimsikia vizuri. Nikamuuliza, "Unasema?"

Akarudia. Nikamwambia masikio yangu siku hizi yananisumbua, na huo ndio uongo pekee niliosema siku ile. Akainua sauti, ile ya kuhubiri, na safari hii hata wanawake waliokaa kule juu kwenye ngazi za avenyu waligeuka.

Ndipo nikapokea kalamu.